Kufuatilia au kukata, kansa ya tezi dume ikiwa ya hatari ndogo

Ukiambiwa Gleason 6, yaani alama ya kansa isiyo kali, mara nyingi unabaki na njia kama hizi, na zote zina presha yake. Kufuatilia ni PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) kila miezi kama 6, MRI (picha ya ndani ya mwili) na biopsi (kuchukua vipande vidogo vya tezi vikapimwe) mara mojamoja, mwili unabaki mzima ila ile wiki ya kusubiri majibu, aisee, simu ikiita tu moyo unaruka. Operesheni inatoa tezi yote, PSA inatakiwa ishuke karibu na sifuri, lakini unaweza ukakohoa tu mkojo ukavuja, nguvu za kiume zikayumba, na vipimo bado vinaendelea kwa hiyo usidhani hofu inakatwa pamoja na tezi. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 kwa miaka 15, wa kusubiri, wa kisu na wa mionzi, kama 97 kwa 100 kansa hii haikuwaua, kundi lolote lile. Mi ningeanza na kufuatilia.