Gereji ya Subaru Kinondoni, hawa wanapima kwanza ndo wanafungua

Jamani mwenye Forester ya turbo (ile feni inayosukuma hewa nyingi kwenye injini) aliyoichukua mkononi mwa mtu asikilize hapa. Hii yangu nimeinunua juzijuzi hapa Dar, ukikanyaga mafuta inavuta kidogo alafu inakata, kwenye mlima ndo kabisa, na taa ya injini inawaka. Fundi wa kwanza kaisikiliza tu akasema turbo imekufa, tafuta nyingine, hata boneti hajafungua.

Hawa wa Kinondoni hawabahatishi. Wakachomeka mashine wakasoma kodi (namba za hitilafu za injini), alafu wakasema kodi peke yake haitoshi, wakaingiza moshi kwenye njia ya hewa na moshi ukachomoza palepale kwenye paipu ya chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), ina ufa ambao bila kuikunja huuoni, kumbe upepo wote wa turbo unaishia hapo. Turbo yenyewe nzima, fundi kanishikisha shafti kwa vidole, haichezi kuingia na kutoka na feni haigusi ukuta.

Kilichonifurahisha zaidi wakafungua na bolti ya paipu ya oili inayoenda turbo, ndani ina kichujio kidogo cha wavu, kimejaa tope la oili. Kikiziba kabisa turbo inakosa oili na beringi zinakwisha, na hilo sikuwaomba waangalie!

Bei ya kupima iko juu kidogo ila vifaa vya zamani wanakukabidhi mwenyewe. Piga simu kwanza, Jumamosi wanajaa mno.