Duka la samaki Sinza: huduma nzuri, lakini lile tangi la mbele hapana

Nina saluni, na mteja wa rasta anaweza kukaa kwenye benchi masaa manne. Nikataka tangi la samaki awe na cha kutazama. Nikaelekezwa duka dogo la samaki wa mapambo, Sinza, Dar es Salaam.

Nianze na sifa, maana wanastahili. Maji masafi, hakuna samaki mfu anayeelea, na kijana anayeuza anaijua kazi. Nilichukua tangi la lita 120, chujio na pampu ya betri ya kutumia umeme ukikatika. Ila samaki wenyewe, kijana alikataa kuniuzia siku hiyo. "Dada, chujio lifanye kazi kwanza, wale bakteria wanaovunja uchafu wazaliane. Ukiweka samaki leo watakufa, utakuja kunigombeza." Kariakoo nani angekataa hela yako?

Sasa lile tangi la mbele, linalovuta watu kutoka barabarani. Kuna samaki wanaoitwa paroti wekundu, 25,000 kila mmoja. Ni chotara aliyetengenezwa Taiwan miaka ya 1980, na mdomo wake haufungi sawasawa, hivyo chakula hukiponda kwa meno ya kooni. Kuna moli, samaki wadogo waliozalishwa wawe na uti wa mgongo mfupi mpaka wakawa kama maputo. Matumbo na kibofu cha hewa vyote vimebanana humo, na kuogelea kwao ni kwa tabu. Halafu goldfish mwenye vifuko vya maji chini ya macho, hana pezi la mgongoni. Kijana mwenyewe alinionya nisiweke mawe yenye ncha, vifuko vitapasuka.

Nikamwuliza, huyu haoni shida? Akasema, "Amezaliwa hivyo, dada, hajui maisha mengine." Jibu hilo sikulipenda. Hakuzaliwa hivyo kwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa akachagua wazazi wenye kasoro, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wanunuzi tupo. Sisemi samaki wote wa kufugwa ni dhambi. Wachina wamekuwa wakichagua goldfish kwa zaidi ya miaka 1,000, na yule wa kawaida, mwembamba, rangi yake ya dhahabu haimzuii kula wala kuogelea. Rangi sina ugomvi nayo. Mdomo usiofunga, huo nina ugomvi nao, hata mteja akisema "jamani, kazuri!" (Na mtoto wa jirani alisema hivyo hivyo.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, gizani, kuna samaki wa Ziwa Tanganyika. Frontosa yumo, mwenye milia na nundu yake ya asili kwenye paji la uso, hakuna aliyempinda mgongo aipate. Huyo hukua sana, tangi langu halimtoshi. Niliporudi siku nyingine, chujio likiwa tayari, nikachukua leleupi wa njano, 15,000 mmoja. Wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na mawe ya kujificha, basi. Wateja wangu wanawagombania majina.

Wenye duka, mkisoma hapa: watoeni hao gizani muwaweke mbele. Paroti wakiisha, msiagize wengine.

Nyota tatu. Tangi waliniletea kwa bajaji bila ufa. Maegesho hakuna, na Jumapili hawafungui mpaka saa saba mchana.