Mkate wa mayai au mayai ya kukaanga na tosti?

Mayai 2 na slesi 4 za mkate zinatosha kuwashibisha watu wawili asubuhi. Kwa mkate wa mayai, unapiga mayai na chumvi, maziwa kidogo, na hiliki ukipenda, unachovya slesi, kisha unakaanga kwa moto wa wastani mpaka pande zote mbili ziive vizuri. Hapa mkate wa jana, ule ulioanza kukauka, ndio bora kabisa. Mkate mpya hulainika haraka mno kwenye yai na kukatikia mkononi, kwa hiyo uchovye tu, usiuloweke. Na moto usiwe mkali: nje itaungua huku yai la ndani likiwa bado bichi.

Mayai ya kukaanga na tosti yana kazi zaidi. Unachoma slesi kwenye kikaango kikavu, unakaanga kitunguu, nyanya na hoho, ndipo unamimina mayai. Ni matamu kweli, ila kukatakata kunakula muda.

Siku za shule, watoto wakiwa wanatafuta soksi, mimi napika mkate wa mayai. Mayai ya nyanya nayaweka Jumamosi, na chai ya tangawizi.