Uzoefu wangu: nimehamishia kanda za baba kwenye flashi, na chemko zangu zimerudi

Kama na wewe umekuzwa na muziki wa dansi, soma hapa kabla hujanunua flashi ya zilipendwa iliyokwisha kujazwa nyimbo. Mimi nilinunua moja Kariakoo mwaka jana kwa shilingi 10,000. Muuzaji aliniambia ina nyimbo zaidi ya 500, na kweli zilikuwamo. Nilipofika nyumbani Temeke niliichomeka kwenye sabwufa kabla hata sijavua viatu, nikatafuta "Neema" ya Mlimani Park. Cosmas Chidumule akaimba, sauti yenyewe ile ile, mwili ukanisisimka. Pale wimbo unapotaka kuchemka, kimya. Ukaingia wimbo mwingine.

Nikajaribu "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, hadithi ni hiyo hiyo. Nikajaribu "Zuwena" ya Marijani Rajabu. Huu haukukatwa, lakini ulikuwa unakimbia. Jabali la Muziki, mtu mwenye sauti nzito ya kutulia vile, anasikika kama mvulana wa darasa la sita. Niliumia.

Kwa vijana ambao hawakuwahi kuona dansi ukumbini: wimbo wa bendi zetu una sehemu mbili. Kwanza unasimuliwa kisa, taratibu, watu wanafuata maneno. Kisha mwendo unabadilika. Gitaa la solo linapanda juu, la rithimu linalijibu, tarumbeta na saksafoni zinaitikiana, tumba inaharakisha, na wale waliokuwa wamekaa na soda zao wananyanyuka. Hiyo ndiyo chemko. Kunipa Sikinde, yaani Mlimani Park, bila chemko ni kunikaribisha pilau halafu nyama ukaiacha jikoni.

Sababu ya kukatwa ninaijua. Santuri ndogo za zamani, ambazo nyingi zilitengenezwa Nairobi kwa kuwa sisi hatukuwa na kiwanda, zilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Anayenakili upande mmoja anakuachia nusu ya wimbo, na nusu hiyo ndiyo inayozunguka kutoka simu hadi simu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa kitu kingine. Bendi iliingia studio pale Barabara ya Pugu, wakapiga wote kwa pamoja, wimbo ukaenda mpaka mwisho wake. Na baba yangu alikuwa akivizia vipindi, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi.

Ameacha kanda tisa. Nyingi ni TDK za dakika 90, na kwenye karatasi za ndani ameandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, majina ya bendi na mitindo yao: SIKINDE. MAQUIS, KAMANYOLA BILA JASHO. Moja imeandikwa USIGUSE. Redio kaseti yetu ilishakufa siku nyingi, na ya jirani niliyoazima ilikula utepe dakika ya tatu. Nikaurudisha kwa kalamu ya Bic, polepole, na sikujaribu tena.

Niliyempata ni fundi mmoja wa Kariakoo, ana meza kwenye korido ya jengo la biashara, ghorofa ya kwanza. Bei yake shilingi 4,000 kwa kanda. Nilimpelekea saba, jumla 28,000, na flashi ya GB 16 nikaongeza 12,000. Si hela ndogo, kwa hiyo niliomba nikae niangalie kanda ya kwanza, akanivutia stuli.

Kwanza hakuiweka kwenye mashine. Aliifungua skrubu tano, akanionyesha kile kipande cha sponji kinachokandamiza utepe. "Mama, hiki kimeoza, ungepiga hivi hivi usingesikia kitu." Akabandika kingine alichotoa kwenye kanda mbovu. Akasafisha hedi, kile kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti, pamba ikatoka na rangi ya kutu. Kisha akanivalisha hedifoni kichwani, akachukua bisibisi ndogo, akaanza kuzungusha skrubu iliyo ubavuni mwa hedi, robo mzunguko, robo mzunguko. Mwanzo sauti ilikuwa kama inatoka chini ya blanketi. Alipofika mahali fulani matoazi yakafunguka, chaa! Nikamshika mkono nikamwambia hapo hapo, usiguse tena. Akaniambia kila kanda ina mahali pake, kwa sababu kila redio iliyorekodi hedi yake ilikaa tofauti kidogo.

Nikasikiliza "Neema" nzima pale kwenye stuli, watu wanapita na maboksi ya viatu. Nilikuwa sijaisikia hadi mwisho tangu baba yupo. Vipulizo vinapoingia kwenye chemko, besi haikimbii, inatembea tu chini pale, imetulia, ndiyo inayowaruhusu wa juu wacheze watakavyo. Kwenye ile flashi ya kwanza besi hata hukuijua kama ipo. Kama nitaambiwa nichague wimbo mmoja tu katika maisha yangu, ni huu, na ni kwa rekodi hii ya redio.

Nyingine nitazitaja kwa haraka. Za NUTA Jazz na baadaye JUWATA, hasa zenye sauti ya Muhidin Gurumo, zimetoka safi kupita zote. Msondo, maana ni bendi hiyo hiyo, ndiyo bendi tuliyozaliwa tukaikuta, tangu 1964, na huyu mzee alikuwa anaimba kama anayeongea na wewe kibarazani. Maquis zina mkwaruzo, ila magitaa yanasomeka.

"Kifo" ya Remmy Ongala nataka niisemee. Ilitoka pia kwenye albamu yake iliyorekodiwa Uingereza, ya mwaka 1989, na ile ni safi sana, kila chombo unakiona. Kwenye kanda ya baba ni mbovu zaidi, redio inapwaya kidogo mawimbi. Bado naipenda ya kanda. Dokta Remmy anakihoji kifo kwa maswali ambayo kila mtu aliyetoka kuzika amejiuliza, na nilizoea kuisikia na ule mvumo nyuma yake. Nikipita kituo cha Sinza kwa Remmy kwenye daladala, hiyo ndiyo inayoniimbia kichwani.

Sasa matatizo, maana yapo. Aliniambia siku tatu, ikawa tisa. Nusu ya hilo namwelewa: kanda ya dakika 90 inahamishwa kwa dakika 90, haina njia ya mkato. Ila angenipigia simu, nisingepanda mwendokasi mara mbili bure. Pili, mafaili yote yamekuja na namba tupu, bila majina. Nilitumia jioni tatu kuyapa majina, na kuna nyimbo mbili mpaka leo nimeziandika "sijui, JUWATA". Tatu, kwenye kanda mbili alikata sauti ya mtangazaji akidhani ananisaidia. Mimi ile sauti inayotaja wimbo na bendi nilikuwa naitaka. Nilipomweleza aliomba radhi, akazirudia bila kunilipisha, safari hii upande mzima bila kukata.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi yeyote, mwambie mapema: hamisha upande mzima kama ulivyo, kukata nitakata mwenyewe. Omba usikilize dakika tano za kwanza kwa hedifoni kabla hajaendelea. Muulize kama anarekebisha hedi kwa kila kanda. Akikushangaa, chukua kanda zako. Na kopi moja iwekwe kwenye simu au kompyuta, flashi hupotea.

Kanda mbili nilizibakiza nyumbani kwa woga, utepe wake umekunjamana. Moja ni ile ya USIGUSE, na kwenye upande B baba ameandika Super Volcano, bendi ya Mbaraka Mwinshehe. Jumamosi nampelekea.