Uzoefu wangu na chuma cha kujivuta juu kinachofungwa ukutani

Nimewahi kuwa na vyuma viwili vya mazoezi ya kujivuta juu, na cha kwanza kiliniangusha. Kilikuwa cha aina inayobanwa mlangoni bila kutoboa chochote: mabomba mawili yaliyoingiliana, ambayo ukiyazungusha hurefuka mpaka ncha zake zenye mpira zigandamize miimo ya mlango pande zote mbili. Chuma cha namna hiyo hushikiliwa na msuguano peke yake, na msuguano hupungua miimo ikiwa imepakwa rangi ya mafuta au ikipata unyevu. Isitoshe, kila nilipojivuta viganja vyangu vilikuwa vikilizungusha bomba kidogo kidogo kuelekea upande wa kulegea, bila mimi kutambua. Siku upande mmoja ulipoachia, kidevu changu kilikuwa tayari juu ya chuma. Nilianguka chali nikaumia kiwiko. Ndani ya boksi mlikuwa na vikombe viwili vya kufungwa kwa skrubu kwenye miimo ili ncha zisiteleze, nami nilikuwa nimeviacha kwa kuwa sikutaka kuharibu mbao. Kwa hiyo siilaumu bidhaa ile peke yake, ila sitaitumia tena.

Cha pili, ambacho ndicho ninachokitathmini hapa, hufungwa ukutani kwa bolti. Mikono yake miwili hukitenga na ukuta kwa sentimita 60, umbali unaotosha magoti yasigonge, na unene wake wa milimita 32 unajaa kiganja bila kukichosha. Ulehemu wake sina neno nao. Boksi limeandikwa kwamba kinabeba kilo 150, na ningependa kila mnunuzi aielewe vyema takwimu hiyo, kwa sababu inaeleza uimara wa chuma, wala haisemi lolote kuhusu ukuta. Mikono ile hufanya kazi kama wenzo. Mimi nina kilo 75, na kati ya bolti za juu na za chini pana sentimita 30, yaani nusu ya urefu wa mkono. Kwa hiyo nikining'inia tu bila kutikisika, bolti za juu kwa pamoja huvutwa kutoka ukutani kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150, huku sehemu ya chini ya bamba, kile kipande bapa kinachofungwa ukutani kwa bolti hizo, ikiukandamiza ukuta. Mtu akijirusha au kubembea, nguvu hiyo hupanda zaidi. Ndiyo maana kati ya vyuma viwili vilivyoandikwa uwezo uleule ningechagua chenye bamba refu zaidi.

Kazi kubwa, basi, ilikuwa kuujua ukuta wenyewe. Mahali nilipopapenda kwanza palitoa mlio mzito nilipopagonga, nikaridhika mapema mno. Bahati nzuri nilitoboa kwanza tundu dogo la majaribio la milimita 6, na baada ya sentimita chache keekee ikazama ghafla: tofali lilikuwa na uwazi ndani. Bolti ya kutanuka, yaani ile ambayo ncha yake hupanuka tunduni inapokazwa, ikifungwa kwenye tofali la aina hiyo inaweza kuupasua ukingo wake mwembamba. Pale hutumika gundi maalumu ya kujazwa tunduni pamoja na kichujio chake, yaani kifuko cha wavu kinachoizuia isimwagikie kwenye uwazi, kazi ambayo sikutaka kuifanya kwa mara ya kwanza juu ya kichwa changu. Ukuta wa jipsamu nao haufai kabisa kubeba mtu, isipokuwa bolti zipite zikashike mihimili iliyo nyuma yake. Nilihamia ukuta wa zege, na majaribio ya huko yalitoa vumbi la kijivu na upinzani uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo bidhaa ilipopungukiwa. Skrubu na plagi za plastiki (vile vijiti vya kuingizwa tunduni ili skrubu ishike) zilizokuja nayo zilikuwa fupi, na karatasi ya maelekezo haikueleza zinafaa ukuta gani. Niliziweka kando nikanunua bolti za kutanuka za milimita 12, ndefu kiasi cha kuzama sentimita 8 ndani ya zege lenyewe bila kuhesabu plasta, maana plasta haishiki kitu. Kabla ya kutoboa nilikwepa mstari wa wima ulio juu na chini ya swichi na soketi, kwa sababu nyaya mara nyingi hupita humo, na nilijiweka mbali na kona ya ukuta ambako zege huweza kumeguka. Kila tundu nililisugua kwa brashi na kulipuliza mara kadhaa, kwa kuwa vumbi likibaki ndani bolti huteleza badala ya kung'ang'ania. Ndugu yangu alikishikilia chuma huku nikikilinganisha kwa pimamaji. Peke yangu nisingeweza. Kati ya chuma na dari niliacha sentimita 40 kwa ajili ya kichwa.

Sikukiamini mara moja. Nilianza kwa kukivuta miguu ikiwa sakafuni, nikaendelea kwa kuachia uzito taratibu nikiwa nimekanyaga kigoda, kisha nikaning'inia kimya kwa dakika nzima kabla ya kujivuta hata mara moja. Nilikuwa pia nimechora mstari wa penseli kuzunguka kila bamba na alama ndogo kwenye kila nati, ili mwendo wowote uonekane kwa macho. Baada ya wiki tatu nati mbili za juu zilikuwa zimelegea kidogo, nadhani kwa sababu plasta iliyo chini ya bamba ilibonyea. Nilizikaza upya kwa spana. Sponji ya kushikia ilianza kuzunguka chini ya viganja mwezi wa pili, nikaikata na kuiondoa, na tangu hapo mshiko umekuwa bora kuliko ulivyokuja. Huu ni mwezi wa nane, ninafanya mazoezi mara nne kwa wiki bila kubembea, na alama zote za penseli bado zinalingana.