Unaishi Moshi au Arusha na unataka chombo cha tanga? Nunua hiki, acha kile

Wakuu, najua huku kwetu mtu akipata vihela anawaza kiwanja au Noah, ila tupo wachache ambao roho inataka tanga limejaa upepo na simu imezimwa. Kwetu sisi swali la kwanza sio bei, ni chombo kitakaa wapi. Duluti pale Tengeru ni pazuri ila kaziwa kenyewe kadogo na msitu umezunguka, upepo unafika umeshavunjika, pale ni pa kupiga kasia tu. Ziwa Chala ni shimo lenye kuta, utabeba chombo mpaka mgongo ukatae. Bwawa la Nyumba ya Mungu upepo upo na nafasi ipo, lakini nyavu za wavuvi kila kona na mamba wamo. Kwa hiyo tanga lenyewe ni Pangani au Tanga mjini, yani chombo kinaishi pwani na wewe unaishi mlimani, na hapo ndio orodha yangu inapoanzia.

Namba moja ni ngalawa, ule mtumbwi wa tanga wenye mirengu, yani miti ya kuusawazisha pembeni, wala sibishani na mtu. Kwa hela yako hamna kinachokupa bahari zaidi ya hicho, halafu ikiharibika fundi yupo hapo hapo kijijini, hutafuti spea nje ya nchi. Nenda kuikagua maji yakiwa yamekupwa, imelala mchangani, chukua kisu chenye ncha uchomeke taratibu pale mlingoti unapokaa na chini tumboni, kisu kikizama kama kwenye ugali rudi zako Moshi. Angalia vitundu vidogo vidogo vya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, tikisa mirengu ya pembeni usikie kama kamba zimelegea, kunjua tanga lote juani sio kuoneshwa kipande. Ukishanunua mpe mvuvi unayemwamini aitumie siku za kazi wewe uje wikendi, maana chombo kinachokaa bure kinaoza, ila mwandikishiane.

Ya pili mashua, na hii ni kama mko marafiki wanne watano mnataka kulala humo humo, sio kuzunguka saa mbili na kurudi. Raha yake ni jioni, nanga imeshuka, jiko la mkaa limekaa kwenye sanduku la mchanga ili mbao zisiungue, samaki mmenunua kwenye mtumbwi uliopita, mnalala juu chini ya turubai. Mkienda Maziwe angalieni maji kwanza, kile kisiwa ni mchanga mtupu na maji yakijaa kinafunikwa. Sema mashua inakula hela ya kalafati, yani kuziba nyufa za mbao maji yasiingie, na wenye hisa wavivu wa kuchanga ndio wanaoiua.

Ya tatu dingi, yani kiboti kidogo cha tanga, ya faiba aina ya Laser, mita 4.2, bodi lake kilo 59 hivi, watu wawili mnaiweka kwenye keria ya gari, na ndio pekee ya tanga hapa unayoweza kurudi nayo nyumbani. Ukikuta iliyotumika mwaga maji kwenye tundu la mlingoti usubiri, yakipungua ujue linavuja na siku moja mlingoti utang'oka na sakafu. Spea ni shida kweli kweli.

Kayaki ya kujaza upepo ni ya watoto na Duluti, basi. Boti ya injini naiweka mwisho, petroli, kelele, na wezi wa injini, labda uwe unavua.

Ila kabla ya yote hayo nunua laifu jaketi. Nguvu yake ya kukuelesha inapimwa kwa nyutoni, ya nyutoni 50 ni ya anayejua kuogelea tena karibu na ufuo, wengine wote anzia 100, na ilingane na kilo zako. Ukiokota ya mtumba pale soko la Memorial Moshi bonyeza sponji, isiporudi iache hapo hapo hata kama ni ya buku. Na mwanafunzi aanze Desemba mpaka Machi kwenye kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kusi ya Juni na Julai, ule wa kutoka kusini, waachie wenyewe.

Karatasi nazo, vyombo vidogo vinakaguliwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, omba cheti na ulinganishe jina na kitambulisho cha anayekuuzia. Akikwambia cheti kipo kwa shemeji yake Dar, mwambie hela nayo ipo, shemeji akirudi mtaongea.