TAHADHARI: Anayewauzia wake za walio Marekani "viza ya K-3 ya haraka" hapa Kisumu ni mwizi

Wenzangu wa Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega, na nyinyi wa Nakuru ambao nasikia mmeanza kupigiwa simu: kuna mwanamke alikuwa na ofisi orofa ya pili, barabara ya Oginga Odinga, anajiita mshauri wa viza. Ofisi ameifunga, lakini kazi anaendelea nayo kwa laini nyingine. Msimpe pesa. Msimpe hata kopi ya kitambulisho. Amenila shilingi 148,000 mchana kweupe, na humo ndani kuna pesa ya ploti ya Kibos na mkopo wa chama. Mama mkwe bado hajui. Chama sijaenda tangu mambo haya yatokee, kwa aibu.

Kesi yetu kwa kifupi: mume wangu ni raia wa Marekani, na ameniombea nihamie kwake kwa fomu ya I-130, ile ya kumwombea mke. Ilipelekwa, ikapokelewa, tangu hapo ni kungoja tu. Baba watoto anafanya kazi ya usiku kule Minnesota, mimi niko hapa na mtoto anayemjua babake kwenye simu. Nilitaka njia yoyote halali ya kwenda kumwona hata wiki mbili, kisha nirudi nisubiri viza yangu ya ndoa kama wengine. Ndipo dada mmoja wa kanisani akanipeleka kwa huyo mama. Dada simlaumu, naye ameliwa.

Sasa sikilizeni alivyonifanya, kwa sababu najua mkisikia tu "ametapeliwa" mtasema kwani huyu hakusoma. Nimesoma. Ile ofisi ilikuwa ofisi. Leseni ya kaunti iko ukutani kwenye fremu, watu wawili wanangoja kwenye benchi na bahasha zao. Akaniambia, "Nyaminwa, keti," yaani dada kwa Kijaluo, akaagiza chai. Pesa hakuitaja kabisa. Alivaa miwani akasoma faili langu ukurasa baada ya ukurasa, cheti cha ndoa, picha za harusi, ile barua ya Uhamiaji wa Marekani ya kusema wamepokea ombi letu. Pale penye nambari ya kesi akaweka kidole, akainakili polepole kwenye kijikaratasi, akageukia kompyuta yake. Akaandika herufi moja moja. Halafu akaizungusha kompyuta kuelekea kwangu.

Kesi yetu ilikuwa pale. Tovuti yenyewe ya USCIS, hao Uhamiaji wa Marekani, nambari yetu inayoanza na IOE, tarehe yetu, maneno kwamba I-130 imepokelewa. Akanitazama juu ya miwani: "Unaona? Mimi huingia hadi ndani. Faili lenu limelala, hakuna aliyeligusa. Naweza kuliamsha." Magoti yaliisha nguvu na nilikuwa nimeketi! Wakili wa kule amelipwa madola na hajawahi kutuonyesha kitu kama hicho. Ningeacha vipi kumwamini mtu aliyenifungulia kesi yangu mbele ya macho yangu?

Baadaye sana ndipo shemeji yangu akanieleza. Ule ukurasa uko wazi kwa kila mtu duniani, bure. Ukiwa na ile nambari, herufi 3 na tarakimu 10, hata kijana wa saiba ataifungua kesi yako akiwa anakula mandazi. Hakuingia ndani ya kitu chochote. Alinionyesha kile nilichomletea mwenyewe kwenye bahasha.

Na hiyo K-3 aliyoniuzia hakuitunga, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nilirudi nyumbani Manyatta nikaitafuta kwenye simu usiku huo huo, nikaikuta. Ni viza ya kweli, Bunge la Marekani liliiweka mwaka 2000 kwa ajili ya mume au mke wa raia ambaye I-130 yake bado inasubiri, ili aende akangojee kule. Mimi ndiye huyo hasa! Nani angeona hivyo aseme huu ni uongo? Kile ambacho hakuniambia ni kwamba anayeiomba ni baba watoto mwenyewe, akiwa kule, kwa fomu ya I-129F, na fomu hiyo kwa K-3 haina ada hata senti. Sufuri. Na siku hizi karibu hakuna anayeipata, kwa sababu mara nyingi I-130 huidhinishwa kwanza, ikishafika kituo cha kitaifa cha viza wanaifunga K-3 papo hapo. Mtu wa Kisumu hana mlango wowote wa kuipitishia. Lakini "ada ya I-129F" alinitoza shilingi 65,000, akanipa risiti yenye mhuri wa zambarau.

Zilizobaki zilikwenda kidogo kidogo. "Ya kuharakisha." "Ya daktari," nikapigwa picha ya kifua kwenye kliniki moja hapa hapa mjini, wakati vipimo vya viza ya ndoa vinafanywa na madaktari walioteuliwa na ubalozi peke yao, nao wako Nairobi. Halafu siku moja akaweka simu sauti ya juu, mwanamume akaongea Kiingereza cha puani, akataja jina langu lote, akasema mahojiano yako tayari. Huyo naye namtafuta.

Nikapanda basi la usiku na barua yangu ya mahojiano ndani ya kitambaa isikunjike. Asubuhi niko Gigiri, Nairobi, kwenye ubalozi wa Marekani, nimevaa suti ile ya harusi ya Akinyi, nimesimama foleni na watu wazima na watoto wao. Mlinzi akachukua barua, akaangalia orodha yake, akaangalia tena kutoka juu hadi chini. "Mama, jina lako halipo." Nikamwambia aangalie jina la mume. Akaangalia, maskini, kwa upole kabisa. Kisha akanirudishia barua na kuniambia kwa sauti ya chini, wale wa nyuma wasisikie, kwamba si wa kwanza kuletwa na karatasi kama hiyo. Nikampigia yule mwanamke nikiwa pale pale kando ya barabara. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Mtu kama huyu anastahili nini? Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayechukua mali ya mtu kwa hila anaweza kufungwa miaka 3. Mitatu! Kwa mke aliyekaa mbali na mumewe, kwa mtoto, kwa mama wa Ugunja aliyeuza ng'ombe wawili ili bintiye aende? Ningekuwa hakimu ningempa mitatu kwa kila faili lililokuwa kwenye lile kabati lake, na arudishe kila shilingi kabla ya kula wali wa jela.

Mnaoniuliza dalili ni zipi: barua pepe zake zilitoka kwenye anwani ya kawaida ya bure, na za serikali ya Marekani huishia na .gov. Pesa zilikwenda M-Pesa kwa jina la mwanamume nisiyemjua, akasema ni mhasibu. Hakutaka kabisa kuongea na baba watoto, kila nikimpigia mume ili waongee, yeye ana mteja. Akaniambia wakili asijue, "mawakili huharibu." Na K-3 akiulizwa ni nani anaiomba, anageuza maneno.

La dada mmoja wa Nakuru ni baya kuliko langu. Huyo aliombewa viza ya kutembea, na kwenye fomu wakamwandika hajaolewa, wakati I-130 ya mumewe iko ndani ya mfumo ule ule. Ukidanganya jambo kubwa kwenye ombi la viza unaweza kufungiwa Marekani maisha, na ile ya ndoa nayo ikafia hapo. Dada, kama unasoma hapa, tafuta wakili wa kweli leo, si kesho.

Mke mwenye I-130 hazuiwi kuomba viza ya kutembea. Ni dola 185, ile ile anayolipa kila mtu, na hairudi ukinyimwa. Ila afisa lazima aridhike kwamba utarudi Kenya, na mume akiwa kule si rahisi, wengi hunyimwa kwa kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Hilo huamuliwa dirishani Gigiri na hakuna anayeliuza Oginga Odinga. Sisi tumeamua baba watoto aje yeye, akipata likizo.

Nimeshaandikisha kituoni na nina nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Afande ameniambia wako wanawake walikuja wakalia, wakaondoka bila kuandika taarifa kwa kuogopa waume zao. Jamani, andikeni. Mwenye risiti ya mhuri wa zambarau, mwenye ujumbe wa M-Pesa, mwenye sauti yake kwenye WhatsApp, asifute kitu, apeleke kituoni na anitumie ujumbe niunganishe kesi. Akiwa na mlalamishi mmoja atatoka kwa dhamana jioni hiyo hiyo. Tukiwa wengi atalala ndani.